Diwani anaulizwa barabara, barabara si yake: madaraka ya wananchi yameishia wapi?

#1 Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu.

Mijadala yetu ya demokrasia na maendeleo karibu yote huanzia Ikulu na kuishia bungeni. Tunabishana kuhusu rais, Tume ya Uchaguzi, Katiba Mpya. Ni mambo mazito, na baada ya damu iliyomwagika kwenye uchaguzi wa Oktoba 2025 siwezi kumwambia mtu ayaweke kando. Ila leo naomba tushuke hadi kwenye kata na kijiji. Naamini huko ndiko mwananchi alikopokonywa sauti kidogo kidogo, kwa sheria na nyaraka, pasipo hata maandamano ya mtu mmoja.

Hoja yangu ni hii: tumemwachia mwananchi haki ya kumchagua kiongozi wa chini, kisha tukamwondolea kiongozi huyo fedha, wataalamu na maamuzi. Kura imebaki, lakini aliyepigiwa hana cha kufanya. Halafu tunashangaa kwa nini watu hawaji mikutanoni.

Ibara ya 146 ya Katiba ya 1977 inasema madhumuni ya kuwapo kwa Serikali za Mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Sasa chukueni diwani wa kata yoyote ya vijijini, tumfuate na maswali anayoulizwa kila anapokanyaga gulioni.

Anaulizwa barabara ya kwenda zahanati. Tangu Julai 2017 barabara za vijijini na mijini ziko chini ya TARURA, wakala wa serikali, na meneja wa TARURA hawajibiki kwa baraza la madiwani. Anaalikwa, anakuja au anatuma mwakilishi, anasoma taarifa, anaondoka. Anaulizwa maji. Tangu sheria ya 2019 maji ya vijijini ni ya RUWASA, chini ya Wizara ya Maji. Anaulizwa kwa nini halmashauri haina fedha. Kodi ya majengo ilipelekwa TRA, Mamlaka ya Mapato, kuanzia 2016, na tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kwa hiyo mwenye nyumba hata haoni kwamba analipa kodi. Ushuru wa mazao ulishushwa 2017 kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Mkulima alipata nafuu, na mimi sipingi nafuu ya mkulima. Lakini kwa halmashauri zinazoishi kwa korosho, pamba au mahindi, hilo lilikuwa pengo kubwa, na kabla yake, 2003, kodi ya maendeleo ilikuwa imeshafutwa. Kila kilipoondolewa chanzo, tuliahidiwa ruzuku ya kufidia. Anayetoa ruzuku ndiye anayeamua itoke lini na ifanye nini.

Halafu kuna mkurugenzi wa halmashauri. Yeye ndiye afisa masuuli, yaani mwenye dhamana ya fedha, na katibu wa baraza, na anateuliwa na Rais. Madiwani wakikosana naye wanaweza kupiga kelele na kupitisha azimio la kumkataa, mara nyingi akaishia kuhamishiwa wilaya nyingine. Hawawezi kumwajiri wala kumfukuza. Mkurugenzi huyohuyo ndiye aliyekuwa akisimamia uchaguzi kwenye eneo lake. Mei 2019 Mahakama Kuu ilisema jambo hilo linakiuka Katiba, na Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Pembeni yupo Mkuu wa Wilaya, naye mteule, mwenye uwezo wa kisheria wa kumweka mtu ndani hadi saa 48. Mwenyekiti wa kijiji anayejua hilo hapimi maneno yake kwa wananchi wake, anayapima kwa DC.

Si mara ya kwanza nchi hii kupita njia hii. Mwaka 1972 tulizifuta kabisa halmashauri za wilaya kwa mpango wa Madaraka Mikoani, uliobuniwa kwa ushauri wa kampuni ya Kimarekani ya McKinsey. Jina lilikuwa zuri. Kilichoenda mikoani ni maofisa wa serikali kuu, si madaraka. Huduma za miji zikaporomoka kiasi kwamba 1978 ilibidi halmashauri za miji zirudishwe, na sheria za 1982 zikarudisha zote. Mwalimu Nyerere mwenyewe baadaye alikiri kwamba kufuta Serikali za Mitaa na kuvunja vyama vya ushirika ni mambo ambayo asingeyarudia. Leo hatujafuta chochote. Majengo yapo, mabango yapo, madiwani wanaapishwa. Kazi ndizo zimeondoka.

Nizungumzie maboma, maana hapa naumia.

Kila aliyekulia kijijini anaujua utaratibu. Wananchi wanachanga, wanasomba mawe na mchanga, wanafyatua tofali, wanainua ukuta wa darasa au zahanati hadi usawa wa renta. Kuanzia hapo serikali imeahidi kupaua na kumalizia. Boma linasubiri bajeti. Mvua moja, mvua mbili, tofali zinaliwa, nyasi zinaota ndani. Wazee waliochanga wanalipita wakienda shamba. Nimekaa kwenye vikao vya vijiji vya kusini ambako mtendaji akitaja neno “mchango” watu wanaanza kuinuka mmoja mmoja, na siwezi kuwalaumu. Wale watu si wavivu. Walishatoa jasho lao, na uamuzi wa kulimalizia boma hauko kwao, hauko kwa diwani, wakati mwingine hauko hata wilayani. Tunasema wananchi wamekosa moyo wa kujitolea. Mimi nasema walijitolea kwenye kitu kisichokuwa na mwenyewe wa kumuuliza.

Upande wa pili upo, na ndio unaonipa nguvu ya kuandika.

Kilwa, mkoani Lindi, kuna vijiji vinavyomiliki misitu yao kwa Sheria ya Misitu ya 2002. Kikole na Kisangi mwaka 2009 vilipata cheti cha kimataifa cha FSC kwa uvunaji endelevu wa mpingo, vya kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanavijiji. Nanjirinji A nao wameuza mbao za msitu wao na fedha ikaingia kwenye akaunti ya kijiji. Kabla ya hapo, Babati kule Duru-Haitemba, serikali ilitaka kuuchukua msitu kuwa hifadhi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wananchi wakakataa, wakapewa wausimamie wenyewe, na msitu ukarudi.

Sitaki kuvipamba vijiji hivi. Vina ugomvi, vina kamati za maliasili zilizowahi kutuhumiwa, vina wazee wanaotaka mambo yao yapite. Lakini nendeni kwenye mkutano mkuu wa kijiji chenye fedha yake halisi. Watu wamejaa. Akina mama wanauliza gogo fulani liliuzwa kwa bei gani na nani alipima. Kamati inahojiwa hadi jua linazama. Hakuna aliyewapa semina ya uwajibikaji. Wanajua fedha ni yao, wanajua kiasi, na wanajua uamuzi utafanyika pale pale. Kisha kanuni za uvunaji za 2019 zikaurudisha mkono wa wilaya katika kuamua nani avune na nini kivunwe. Naona mtindo ni uleule.

Kuhusu uchaguzi wenyewe wa vijiji nitasema kidogo. 2019 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa, vyama vikubwa vikajitoa, na chama tawala kikabeba karibu viti vyote. Novemba 2024 kikapata tena zaidi ya asilimia 98 ya vijiji, katika uchaguzi ulioendeshwa na TAMISEMI, yaani ofisi ileile inayosimamia wakurugenzi. Tuna vijiji zaidi ya 12,000. Mtu anayetaka niamini kwamba katika vijiji vyote hivyo wananchi wana maoni ya namna moja hajakaa kijijini.

Naomba michango yenu, kwa hoja.

#2 Mchangiaji wa Kahama

Mkuu mleta uzi, umeandika vizuri ila umeacha upande mmoja. Sisi tuliziona halmashauri zilipokuwa na hizo barabara. Greda lilikuwa la mwenyekiti wa halmashauri na marafiki zake. TARURA wamekusanya wahandisi mahali pamoja, na tangu 2021 ile shilingi 100 ya kila lita ya mafuta imeleta fedha ambazo diwani asingeziota. Na ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, zinasema nini kila mwaka? Fedha imekusanywa kwa POS, zile mashine za kukatia risiti, benki haijafika. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri kwa wanawake, vijana na walemavu ilisimamishwa 2023 kwa sababu ya vikundi hewa na marejesho yasiyorudi. Hao ndio unaotaka waongezewe madaraka?

Halafu kumbuka madarasa 15,000 ya fedha za UVIKO. Mkopo wa IMF, shilingi trilioni 1.3, uamuzi wa juu, na Januari 2022 watoto walikuta madarasa. Tungesubiri mikutano mikuu ya vijiji tungekuwa bado tunasoma muhtasari.

#3 Mtendaji wa kijiji

Wakuu, mimi ni mtendaji, sitataja wilaya. Naomba mnielewe hata kidogo.

Ofisi yangu ni chumba cha kuazima. Karatasi nanunua mwenyewe. Chanjo ikija, ni mimi. Mwenge ukipita, mimi. Sensa, anwani za makazi, TASAF ya kaya maskini, wanafunzi watoro, migogoro ya mipaka ya wakulima na wafugaji, lengo la mapato la mwezi, mimi. Nikikosa lengo naitwa kujieleza wilayani. Nisipoitisha mkutano wa robo mwaka, hakuna anayeniita. Sasa niambieni, nitaanza na lipi?

Na ule utaratibu wa asilimia 20 ya mapato ya halmashauri kurudi kijijini, kwetu tunausikia tu. Nikisimama kusoma mapato na matumizi, mapato yenyewe ni ada za barua za utambulisho na faini za mifugo. Watu wanacheka. Nimeacha kulaumu wanaocheka.

#4 Mchangiaji wa Kilifi, Kenya

Ndugu zetu wa Tanzania, nimesoma kwa makini kwa sababu sisi tulipita upande wa pili wa mto huo. Katiba yetu ya 2010 ilileta kaunti 47, magavana wa kuchaguliwa, na Ibara ya 203 inasema kaunti zigawiwe angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Fedha ilishuka kweli. Sehemu ambazo hazikuwa na lami tangu uhuru zilipata, hospitali zilijengwa.

Nisiwadanganye, wizi nao ulishuka. Waititu wa Kiambu na Sonko wa Nairobi walitimuliwa na Seneti 2020. Kaunti nyingi zina madeni ya wanakandarasi yasiyolipwa, Hazina ya Kitaifa huchelewesha mgao, na wauguzi na madaktari wanagoma mara kwa mara, huku serikali kuu na kaunti zikirushiana lawama na mgonjwa yuko kitandani. Vikao vya ushirikishaji wa umma kwingi ni soda na kutia sahihi.

Lakini angalieni Makueni. Chini ya Kivutha Kibwana, kuanzia 2013, kamati za wananchi zilisimamia miradi, na mkandarasi hakulipwa kabla kamati haijaridhia kazi. Sheria ni ileile ya kaunti zote 47. Kwetu Pwani tunaiuliza kila siku kwa nini haikufika huku. Gavana mwizi tunaweza kumtoa, na tumeshaona wakitoka. Hilo tu ndilo ninaloweza kuwaambia kwa uhakika.

#5 Mleta uzi

Nashukuru sana. Nianze na mkuu wa Kahama, maana hoja yake ndiyo nzito zaidi.

Wizi wa halmashauri ni kweli, na hoja ya wahandisi wa TARURA naikubali. Swali langu ni nani alikuwa na uwezo wa kuuzuia wizi ule. CAG anafika baada ya fedha kuliwa. Mkurugenzi aliyesaini amehamishwa. Diwani aliyeuliza maswali kwenye kamati ya fedha aliambiwa hoja imepokelewa. Mwizi wa POS ni mtumishi ambaye baraza haliwezi kumgusa bila mkurugenzi, na mkurugenzi hawezi kuguswa na baraza. Kuihamishia kazi ngazi ya juu hakujaweka macho mapya juu ya fedha. Kumeondoa hata yale macho machache yaliyokuwa karibu nayo. Hata posho za madiwani, kwa halmashauri nyingi, tangu 2021 zinalipwa na serikali kuu. Ilikuwa nafuu kwao, kwa sababu halmashauri nyingi zilikuwa haziwalipi, lakini tafakari maana yake kwa mtu anayetakiwa kuihoji serikali hiyo.

Madarasa ya UVIKO ndiyo mfano ninaoupenda mimi pia, kwa sababu nyingine. Kumbuka nchi nzima ilijua darasa moja ni shilingi milioni 20. Ilitangazwa redioni, ikasemwa misikitini na makanisani. Fedha ikaingia akaunti ya shule, kazi ikafanywa kwa mafundi wa hapohapo, na kamati ya shule ikanunua saruji na bati. Mama anayeuza maandazi mbele ya shule alikuwa anajua milioni 20 zinatakiwa kuzaa kitu gani, na mwalimu mkuu alijua kwamba anajua. Kwa hiyo uamuzi wa kutoa fedha ulikuwa wa juu, sawa, lakini kilichofanya darasa lisimame ni kwamba kiasi kilijulikana na matumizi yalifanyika mbele ya macho ya watu. Linganisha na mradi wa maji ambao bango lake lina jina la mfadhili na mkandarasi, kiasi hakipo, na injini imekufa mwaka wa pili. Uende ukamuulize nani?

Ndiyo maana sidai kila kitu kirudi halmashauri kesho asubuhi. Naanza na vitatu. Mkurugenzi aajiriwe kwa ushindani na baraza liwe na kauli ya kumwondoa. Uchaguzi wa vijiji na mitaa utoke TAMISEMI. Na kila shilingi inayoshuka kwenye kijiji, ya TARURA, ya RUWASA, ya TASAF, ya shule, itangazwe kiasi chake kijijini siku inapotoka, si baada ya miezi sita kwenye tovuti. Hili la tatu halihitaji Katiba Mpya wala Bunge. Linahitaji amri tu, na wakitaka amri zinafika kijijini haraka sana, mtendaji hapo juu ni shahidi.

Mkuu mtendaji, nimekusoma mara mbili. Wewe ndiye uliyeonyesha tatizo kuliko mimi: kuna adhabu ya kukosa lengo la mapato, hakuna adhabu ya kukosa mkutano. Mtumishi yeyote atakwenda kunakoadhibiwa. Ukiona wanacheka tena, wasomee na hilo la asilimia 20, taja kwamba halijafika, liingie kwenye muhtasari na muhuri upigwe. Muhtasari wa mkutano mkuu ni waraka wa serikali, nao huombwa na wakaguzi.

Ndugu wa Kilifi, asante kwa ukweli. Umesema mnaweza kumtoa. Sisi tunamsubiri wa juu amhamishe.

#6 Mchangiaji, mkazi wa kijiji wilayani Handeni

Kaka mleta uzi, shikamoo kama wewe ni mkubwa. Mimi si mtu wa siasa, ni mama wa watoto watatu, wote shule ya msingi hapa kijijini. Mkutano unaitishwa, agenda ni zilezile, na ukisimama mwanamke kuuliza fedha unaambiwa subiri mengineyo. Mengineyo hayafiki, giza linaingia. Mimi nianzie wapi? Sitaki kupigana na mtu.

#7 Mleta uzi

Marahaba dada, na asante kwa kuuliza.

Anzia shuleni, kwa sababu hapo tarakimu ziko wazi na wewe ni mzazi, hakuna wa kukuuliza unatafuta nini. Tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi imepangwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Katika hizo, 6,000 huenda kwenye akaunti ya shule na 4,000 hubaki kwa ajili ya vitabu. Kwa hiyo uliza kwanza shule ina wanafunzi wangapi. Kama ni 600, zidisha kwa 6,000: ni shilingi 3,600,000 kwa mwaka, sawa na 300,000 kwa mwezi. Hapo hujamtuhumu mtu. Umefanya hesabu tu.

Kisha nenda ukaangalie ubao wa matangazo wa shule. Fedha iliyopokelewa na matumizi yake vinapaswa kubandikwa. Kama vipo, linganisha na hesabu yako. Inawezekana fedha inakuja pungufu au inachelewa, na mwalimu mkuu atafurahi kupata mzazi anayelijua hilo, kwa maana lawama zote huangukia kwake. Kama hakuna kilichobandikwa, nenda kwa mjumbe wa kamati ya shule aliye mzazi mwenzako, umwombe aliweke suala hilo kwenye kikao chao kwa maandishi.

Kwa mkutano wa kijiji, usisubiri mengineyo. Taarifa ya mapato na matumizi ni ya kila miezi mitatu, na ni haki ya kila mkazi mwenye miaka 18. Andikeni barua fupi kwa mwenyekiti, nakala kwa mtendaji wa kata, mkiomba iwe agenda ya kwanza baada ya kuthibitisha muhtasari. Msiandike kwa hasira, na msimtaje mtu. Wasaini akina mama kumi au kumi na watano, si wewe peke yako, kwa sababu ya lile ulilolisema la kutotaka kupigana. Mbaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Na mkipata jibu, liwe lolote, rudi hapa uandike tarakimu walizowasomea.